Tumbo si kiungo kimoja: Safari ya chakula mwilini na onyo la kila kiungo

MTU anapoingia katika duka la dawa, iwe ni Kayole, Kondele au Kongowea, na kusema kwamba tumbo linamuuma, huwa hajasema mengi. Neno tumbo katika Kiswahili limebeshwa mzigo mzito. Ndilo tumbo linaloshiba, ndilo tumbo la mja mzito, ndilo tumbo la kuendesha, na ndilo lile lile linalowaka moto usiku wa manane. Ilhali chini ya ngozi ya eneo hilo mna viungo kadhaa vyenye kazi mbalimbali, na kila kimoja huugua kwa namna yake.

Utata huo wa neno una madhara. Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kuuziwa tembe za kutuliza maumivu ambazo ndizo zinazozidisha vidonda hivyo. Mwenye ugonjwa wa kidole tumbo anaweza kupewa dawa ya minyoo na kurudi nyumbani, huku saa alizo nazo za kuokolewa zikiyoyoma. Na mzazi anaweza kumnyima maji mtoto anayeendesha, akidhani kwamba kinachoingia ndicho kinachotoka.

Njia bora ya kuutanzua utata huu ni kukifuata chakula chenyewe, tangu kinapotiwa kinywani hadi mabaki yake yanapotoka. Na tuchukue sahani inayojulikana na wengi: ugali, sukuma wiki, maharagwe na kipande cha nyama.

Kinywani na kooni

Kazi ya kusaga chakula huanza mara tu tonge linapopita midomoni. Mtu mzima aliyekamilisha meno yake huwa nayo 32: ya mbele ya kukata, chonge za kurarua na magego ya kusaga. Tezi za mate, ambazo kubwa zake ni jozi tatu, humwaga mate ya kiasi cha lita moja hadi moja na nusu kila siku.

Mate si maji matupu ya kulainisha tonge. Yamo ndani yake vimeng'enya, yaani kemikali za mwili zinazovunjavunja chakula kuwa chembechembe ndogo. Kimoja kati ya hivyo huitwa amilesi, na kazi yake ni kuvunja wanga. Anayetaka kushuhudia kazi hiyo na atafune tonge la ugali mkavu kwa muda bila kulimeza. Ataona kwamba linaanza kuwa tamu, kwa kuwa wanga unageuka kuwa sukari papo hapo ulimini. Anayemeza kwa pupa huuachia mfuko wa chakula kazi ya meno, na mfuko huo hauna meno.

Tonge linapomezwa, kipande cha gegedu chenye umbo la jani hufunika njia ya hewa ili chakula kisiingie mapafuni. Anayezungumza au kucheka huku akimeza huivuruga kazi hiyo, ndipo akapaliwa. Kisha tonge huingia katika umio, mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25 unaopita nyuma ya moyo.

Chakula hakidondoki katika umio kama jiwe kisimani. Misuli ya mrija huo hujibana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, ikilisukuma kwa mawimbi hadi chini katika muda wa sekunde chache. Ndiyo maana hata mtu aliyelala chali anaweza kumeza.

Mwishoni mwa umio pana msuli wa mviringo unaojifunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Msuli huo ukilegea, asidi ya tumboni hupanda na kuunguza umio. Hicho ndicho kiungulia. Kulala mara tu baada ya mlo mkubwa, unene wa kupindukia, uvutaji sigara na ulevi huchangia hali hiyo.

Hata hivyo, si kila tatizo la umio ni kiungulia. Saratani ya umio imewashughulisha watafiti kwa miaka mingi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi kusini mwa bara, na hapa Kenya eneo la Bomet hutajwa mara kwa mara. Tumbaku na pombe ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana. Aidha, mwaka wa 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 za Selisiasi, huenda vikasababisha saratani hiyo. Si chai yenyewe inayoshukiwa, bali joto lake. Kuiacha kikombeni ipoe kwa dakika chache hakumgharimu mnywaji chochote.

Mfuko wa chakula

Wengi wakiulizwa tumbo liko wapi huelekeza kidole kitovuni. La hasha. Mfuko wenyewe wa chakula uko juu zaidi, upande wa kushoto, ukiwa umesitiriwa kwa sehemu na mbavu za chini. Kwa mtu mzima, unaweza kubeba lita moja hadi moja na nusu bila taabu.

Humo ndimo nyama iliyokuwa sahanini huanza kuvunjwavunjwa. Kuta za mfuko hutoa asidi kali ya haidrokloriki pamoja na kimeng'enya kiitwacho pepsini, kinachovunja protini. Asidi hiyo pia huua vijidudu vingi vilivyoingia na chakula. Wakati huo huo, misuli ya mfuko hukoroga kila kitu hadi kikawa kama uji mzito. Mlo wa kawaida hukaa humo kwa muda wa saa mbili hadi nne, na wenye mafuta mengi hukaa zaidi. Ndiyo sababu aliyekula chapati na nyama ya kukaanga hukawia kuhisi njaa kuliko aliyekunywa uji.

Elimu hii ilipatikana kwa njia ya ajabu. Mnamo Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac nchini Marekani, kijana mmoja mwajiriwa katika biashara ya ngozi za wanyama, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akapona, lakini jeraha liliacha tundu lililoelekea moja kwa moja ndani ya mfuko wa chakula. Kuanzia mwaka wa 1825, Beaumont alikuwa akifunga vipande vya chakula kwa uzi, akavitumbukiza kupitia tundu hilo na kuvivuta baada ya saa kadhaa kuona vimefikia wapi. Alipoteka majimaji ya tumboni na kuyatia katika chupa pamoja na nyama, nyama iliyeyuka humo chupani. Ikabainika kwamba chakula hakisagwi kwa nguvu za misuli pekee, bali pia kwa kemikali. Aligundua vilevile kwamba hasira huvuruga kazi hiyo. Kitabu chake kilichapishwa mwaka wa 1833. St. Martin aliishi na tundu lake hadi mwaka wa 1880, miaka 27 baada ya daktari wake kufariki.

Swali linalofuata ni hili: iwapo asidi hiyo huyeyusha nyama, mbona haiuyeyushi mfuko wenyewe, ambao nao ni nyama? Jibu ni kwamba kuta zake zimepakwa ute mzito unaoizuia asidi, na seli zake za juu hubadilishwa kila baada ya siku chache. Pale ambapo ute huo umedhoofika, asidi hupenya na kuchimba. Hapo ndipo vidonda vya tumbo huzaliwa.

Kwa miaka mingi, lawama za vidonda zilielekezwa kwa pilipili, mawazo na kukosa kula kwa wakati. Mnamo 1982, madaktari wawili wa Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walifaulu kukuza katika maabara bakteria aina ya Helicobacter pylori iliyotolewa katika matumbo ya wagonjwa. Wenzao wengi waliwapuuza, wakishikilia kwamba hakuna bakteria inayoweza kuishi ndani ya asidi. Mwaka wa 1984, Marshall aliinywa bakteria hiyo mwenyewe, na baada ya siku chache akaanza kutapika huku mfuko wake ukiwa umevimba ndani. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005.

Maana ya ugunduzi huo kwa mgonjwa wa kawaida ni kubwa. Vidonda vinavyosababishwa na bakteria hiyo hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa za kupunguza asidi, vikapona. Si ugonjwa wa kuishi nao maisha yote kwa kunywa dawa za kutuliza tu. Lakini dozi sharti itolewe na mhudumu wa afya baada ya kipimo, na imalizwe hata kama maumivu yamekoma.

Kisababishi kikuu cha pili ni dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupunguza ule ute wa kinga. Anayezimeza kila siku kwa sababu ya mgongo au magoti huweza kujichimbia kidonda bila kujua. Na anayezimeza ili kutuliza kidonda alicho nacho tayari, huyo huongeza petroli motoni.

Ini, nyongo na kongosho

Kutoka mfukoni, ule uji mchachu huachiliwa kidogo kidogo kuingia katika duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Hapa, viungo ambavyo chakula chenyewe hakipiti ndani yake hutoa mchango wao.

Kongosho, kiungo chenye urefu wa takriban sentimita 15 kilichojificha nyuma ya mfuko wa chakula, humwaga majimaji yanayozimua asidi, na ndani yake mna vimeng'enya vya kuvunja wanga, protini na mafuta. Kiungo hicho hicho hutengeneza insulini na kuitia katika damu ili kudhibiti sukari. Insulini ikikosekana, au mwili ukishindwa kuitumia ipasavyo, mtu hupata ugonjwa wa kisukari.

Ini, lenye uzito wa takriban kilo moja na nusu, hutengeneza nyongo. Baadhi yake huhifadhiwa katika kifuko kidogo kilicho chini ya ini, na humwagwa chakula chenye mafuta kinapowasili. Nyongo huyagawanya mafuta kuwa matone madogo madogo, jinsi sabuni inavyofanya katika sufuria yenye masalio ya mchuzi. Nyongo ikiganda katika kifuko chake kuwa vijiwe, mgonjwa hupata maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu, hasa baada ya mlo wenye mafuta mengi. Njia yake ikizibwa, macho hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi na choo hupauka.

Zaidi ya hayo, ini ndilo mlinda lango. Damu itokayo utumboni hupitia kwanza katika ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini huhifadhi sukari ya ziada, huunda protini na kuondoa sumu. Kwa sababu hiyo, sumu iliyoliwa na chakula hulishambulia ini kabla ya viungo vingine vingi.

Wakenya walilishuhudia hilo kwa uchungu mwaka wa 2004. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu wanaotengeneza sumu ya aflatoksini, na familia nyingi, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, zikayala. Visa 317 vya ugonjwa viliripotiwa, na watu 125 wakafariki baada ya maini yao kuharibika. Kupika hakuimalizi sumu hiyo. Mahindi yaliyoota kuvu hayafai kuliwa na binadamu, wala kulishwa ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupitia katika maziwa. Kinga ni kuyakausha vyema kabla ya kuyatia ghalani, na kutoyalundika juu ya sakafu yenye unyevu. Kadhalika, pombe inayonywewa kupita kiasi kwa miaka mingi hulikausha ini likajaa makovu, na chanjo ya homa ya ini aina ya B hulinda dhidi ya virusi vinavyoweza kuleta saratani ya kiungo hicho.

Utumbo mwembamba

Utumbo mwembamba huitwa hivyo kwa sababu ya upana wake, wala si urefu. Ukinyooshwa, hufikia takriban mita sita, ingawa ndani ya mtu aliye hai huwa mfupi kidogo kwa kuwa misuli yake imejikaza. Hapa ndipo lishe huingia mwilini.

Ukuta wake wa ndani umejikunja mikunjo mingi, na juu ya mikunjo hiyo mmeota vijidole vidogo mno kama nyuzi za zulia. Kila kijidole kina mishipa yake ya damu. Mwaka wa 2014, watafiti wa Uswidi walikadiria kwamba eneo la ndani la njia yote ya chakula ni takriban mita 30 mraba, yapata nusu ya uwanja wa mchezo wa badminton. Sehemu kubwa ya eneo hilo imo katika utumbo huu. Ugali sasa ni sukari, nyama ni asidi amino, na madini ya chuma yaliyomo katika sukuma wiki yananyonywa na kuingia katika damu. Limau au machungwa pamoja na mlo huusaidia utumbo kuyanyonya madini hayo, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia.

Hapa pia ndipo hutolewa laktesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Watoto wachanga huwa nacho tele, lakini kwa watu wengi duniani hupungua wanapokua, ndipo maziwa yakawasababishia gesi na kuendesha. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba miongoni mwa jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki, wengi huendelea kuwa nacho ukubwani kutokana na mabadiliko ya kijenetiki yaliyozuka huku huku, tofauti na yale ya Ulaya. Asiyestahimili maziwa mabichi mara nyingi huweza kunywa maziwa lala, kwani bakteria wamekwisha kupunguza sukari hiyo.

Utumbo mpana na hesabu ya maji

Kinachobaki huingia katika utumbo mpana, wenye urefu wa takriban mita moja na nusu. Mwanzoni mwake, chini upande wa kulia, ndipo kilipo kidole tumbo. Kikizibwa na kuvimba, maumivu huanzia karibu na kitovu kisha huhamia upande huo, yakiandamana na kichefuchefu na homa. Dawa ya minyoo haifai hapo, wala dawa ya kuharisha. Ni hospitali, siku hiyo hiyo, kwa sababu kinaweza kupasuka.

Utumbo mpana ni makao ya matrilioni ya bakteria, na walio wengi ni marafiki. Huunda vitamini K na kuchachua mabaki ambayo utumbo mwembamba ulishindwa kuyavunja, zikiwemo sukari fulani za maharagwe. Gesi inayofuata baada ya kula githeri hutokana na karamu ya bakteria hao. Kuyaloweka maharagwe usiku kucha na kuyamwaga maji hayo kabla ya kupika hupunguza gesi hiyo.

Lakini kazi inayohusu uhai zaidi ni ya maji. Kila siku, takriban lita tisa za majimaji huingia utumboni: lita mbili hivi kutokana na chakula na vinywaji, na zilizosalia kutokana na mate, nyongo na majimaji mengine ya mwili wenyewe. Karibu zote hunyonywa tena, sehemu kubwa katika utumbo mwembamba na sehemu iliyobaki katika utumbo mpana. Kinachotoka na choo ni chini ya robo lita.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini kuendesha huua. Sumu ya kipindupindu, kwa mfano, huulazimisha utumbo kumwaga maji na chumvi kwa kasi, na mtoto anaweza kukaukiwa na kufa katika muda wa saa chache. Hata hivyo, katika magonjwa mengi ya namna hiyo, mlango mmoja wa utumbo hubaki wazi: ule unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, na maji yakafuata. Mwaka wa 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika mishipani. Akaamua kuwapa wagonjwa wa kipindupindu maji yaliyochanganywa na sukari na chumvi wayanywe. Vifo vilishuka kutoka takriban wagonjwa 30 kwa kila 100 hadi chini ya wanne.

Kwa hivyo, mtoto anayeendesha hanyimwi maji wala titi la mama. Hupewa maji ya ORS yanayopatikana katika vituo vya afya, pamoja na tembe za madini ya zinki jinsi atakavyoelekeza mhudumu. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Vipimo ni muhimu, kwani chumvi ikizidi hudhuru. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, hata akitapika, na apelekwe kituoni haraka iwapo macho yamebonyea, hana machozi, amelegea au choo kina damu.

Yanayobaki

Baada ya siku moja hadi tatu tangu sahani ile iliponawiwa mikono, mabaki hufika mwisho wa safari. Nyuzinyuzi za sukuma wiki na maharagwe, ambazo hakuna kimeng'enya cha binadamu kilichoweza kuzivunja, hukifanya choo kuwa laini na kusonga. Asiyekula mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, na asiyekunywa maji ya kutosha, hufunga choo. Kujikamua kila mara nako huchangia bawasiri.

Anayefika kwa mhudumu wa afya basi na aseme zaidi ya kwamba tumbo linamuuma. Aeleze maumivu yako wapi, yalianza lini, huja kabla au baada ya chakula, na ni dawa zipi amekuwa akimeza. Na ziko dalili zisizongojewa hadi wiki ijayo: kutapika damu, choo cheusi kama lami, chakula kukwama kooni, kupungua uzito bila sababu, macho kugeuka manjano, au tumbo kuwa gumu kama ubao. Mficha maradhi, walisema wahenga, kilio humfichua.